Sosi Nyeupe ya Kumrudisha Sharlyne

Habari ilitufikia kabla chai ya Mama Apio haijachemka: mpishi wa sosi nyeupe amevuka mpaka. Aliyeileta ni Breki, dereva wa lori la saruji, ambaye amekaa kwenye foleni ya Malaba mpaka mbwa wa hapa wameacha kumbwekea.

"Ameenda Tororo na ujuzi wake wote," Breki akasema, akikalia benchi. "Hoteli ya pale stendi leo inauza chips kavu. Watu wanatafuna wakiangaliana kama wako matangani."

"Uganda wanatuchukulia kila kitu," akasema Askofu. Huyu ni mtu wa bodaboda. Hajawahi kuongoza kanisa lolote, ila abiria wake hufika wakiwa wametubu.

"Na hayo mayai unakula hapa kila asubuhi yametoka wapi?" Mama Apio akamuuliza kutoka kwenye jiko lake la makaa. "Kunywa chai."

Tulicheka, isipokuwa Rilisi. Jina lake ni Job Ojiambo, anapitisha mizigo ya watu forodhani, na tunamwita Rilisi kwa sababu hakuna siku hajangojea karatasi ya kuachilia lori la mtu. Alikuwa ameshika kikombe hewani kama mtu anayepigwa picha.

"Hiyo sosi nilikuwa nimeagiza ya kesho," akasema.

Hapo kicheko kilikufa, maana shida yake tunaijua sote. Rilisi alimwambia mkewe, Sharlyne, kwamba chakula chake ni kikavu, kwamba mwanamume akitaka kula anaenda hotelini penye sosi. Sharlyne akamjibu basi aoe hoteli, akabeba nguo akarudi kwa mamake kule Sigalame. Sasa kesho, Jumapili, mama mkwe anamrudisha binti yake kwa sharti moja: Rilisi apike kwa mikono yake, na hiyo sosi iliyomfukuzisha mwanawe iwe mezani, mama mkwe aionje. Asiporidhika, anaondoka na binti yake.

"Kwa hivyo ulitaka kununua ya hoteli useme umepika," nikamwambia.

"Mzee, sikutaka kusema kitu. Nilitaka tu kuhamisha kutoka mkebe mmoja hadi mwingine."

"Hiyo si ndiyo kazi yako ya kila siku," akasema Breki.

Mimi naziba tairi nyuma ya hiyo hoteli na dirisha la jikoni linatazama kwangu, kwa hivyo nikawaambia nilichoona. Kiini cha yai, mafuta ya kupikia, limau, kitunguu saumu, chumvi, halafu mtu anakoroga mpaka mkono unamchukia. Moto hakuna.

"Bila moto?" Askofu akashangaa. "Hicho ni chakula ama ni dawa ya ng'ombe?"

"Wewe ulikula hiyo sosi Krismasi ukalamba sahani," akasema Mama Apio.

"Sikujua imepitia nini."

Mama Apio akatoa bakuli na mwiko. Rilisi akavunja yai, akatenga kiini, akatia chumvi na saumu iliyopondwa, akaanza kukoroga. Breki akashika chupa ya mafuta akasema yeye amekaa na matenki barabarani miaka mingi, kumwaga anajua. Akamwaga. Alimwaga kama mtu anayejaza tenki la kwenda Kigali. Rilisi akakoroga, akakoroga, jasho likamtoka, lakini bakulini vitu viligombana. Mafuta yakakaa juu, yai likakaa chini, yakakataa kuongea.

"Imetengana," akasema Mama Apio. "Kama watu fulani tunaowajua."

"Mama, tafadhali."

"Mimi naongea juu ya bakuli."

Askofu akasema tuombe. Breki akasema tuongeze mafuta, na hapo Rilisi akamnyang'anya chupa. Alisimama nayo, macho yakaenda getini, mahali malori yanaingilia ukaguzi. Alikaa hivyo mpaka nikadhani amekata tamaa.

"Breki," akasema, "leo wakifungulia malori yote geti kwa pamoja, inakuwa nini?"

"Inakuwa matusi. Hakuna lori litatoka hapo."

"Basi ndiyo hii. Mafuta yaingie kama malori. Moja lipite, likaguliwe, likubaliwe ndani, ndipo lingine lifuate."

Akachukua bakuli safi na kiini kipya. Mara hii mafuta yalishuka kwa kijiko, tone kwa tone, na yeye hakuacha kukoroga. Breki alikaa hapo akilalamika kwamba hata kwenye bakuli anawekwa foleni. Lakini ikashika. Ikawa nzito, nyeupe, ikang'aa. Ile iliyotengana nayo Rilisi akairudisha ndani kidogo kidogo, ikakubaliwa. Limau likaingia, kisha mala kidogo, yale maziwa yaliyoganda, ili ilegee iweze kuchovywa.

Tukachovya mandazi. Kila mmoja akachovya tena.

"Huyo mpishi akae tu Tororo," akasema Askofu.

Rilisi alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeachiliwa mzigo bila kuulizwa swali. Mama Apio ndiye aliyeharibu. Alilamba kidole, akafikiri, akauliza, "Mama mkwe wako ni mama wa kitambo?"

"Wa kitambo kabisa. Hata simu anashika na mikono miwili."

"Na anakula mayai?"

Mwiko ukaanguka bakulini. Kwa wasiojua, akina mama wa zamani wa upande wa Sigalame hawakuwa wakila kuku wala yai. Hivyo vilikuwa vya wanaume. Wasichana wa leo wanakula bila kuuliza mtu, lakini mama aliyelelewa na mwiko huo anaushika mpaka uzeeni, na mkwe anayemlisha yai kwa siri hajamlisha, amemtukana.

"Kuku hagusi," Rilisi akasema polepole. "Yai sijawahi kuona hata likiwa karibu naye."

"Basi mwambie ukweli," nikasema.

"Nimwambie nini? Kwamba nilimfukuza mtoto wake kwa ajili ya kitu yeye hawezi kula? Atamchukua kabla hajavua viatu."

"Lakini hilo si yai tena," akasema Askofu. "Limebatizwa na mafuta. Ni kiumbe kipya."

"Wewe nyamaza, utachomwa peke yako."

"Kuna mala ndani," Breki akasema. "Kijiko kizima. Rilisi, wewe unaandikisha mizigo. Ukiwa na lori la mitumba na juu kuna gunia moja la maharagwe, unaandika nini?"

Rilisi alitazama bakuli kwa jicho lake la kazi.

"Naandika maharagwe," akasema.

"Basi hayo ni maziwa."

Jumatatu tulifika mapema kuliko siku zote. Hata Breki, ambaye foleni yake ilikuwa imesonga, aliacha lori akaja. Rilisi alikuja akitembea taratibu, mkono wa kulia umening'inia kama si wake.

"Ulimwambia?" Mama Apio akauliza kabla hajaketi.

"Mtu hali meza moja na mama mkwe wake. Mimi nilikaa sebuleni, wao wakala jikoni. Nilipeleka ujumbe kupitia Sharlyne: samaki wa kukaanga, viazi vitamu, na bakuli la maziwa."

"Halafu?"

"Halafu wakala. Nasikia tu kutafuna. Nikahesabu nguo za kumwandalia Sharlyne aondoke nazo. Kisha nikasikia kijiko kinakwangua bakuli. Mnajua kile kijiko kinakwangua mpaka chini?"

"Endelea, boss," Breki akasema.

"Sharlyne akatoka. Uso haunicheki, haunikasirikii. Akasema, 'Mama anashukuru kwa maziwa. Anauliza yalitagwa na kuku yupi.'"

Askofu alimwaga chai yake yote.

"Alijuaje?" nikauliza.

"Hata mimi nilimuuliza Sharlyne hivyo. Akaniambia mamake amekula mayai tangu aolewe, nyuma ya ghala, mzee akiwa shambani. Mbwa watatu walifukuzwa hiyo boma kwa wizi wa mayai. Wote hawakuwa na hatia."

Tulicheka mpaka watu wa getini wakageuka kutuangalia. Mama Apio alijifuta macho na leso, akakumbuka la maana.

"Na Sharlyne?"

"Amebaki."

Breki akampiga begani kumpongeza. Rilisi akaguna kwa uchungu, akaushika huo mkono.

"Mama naye amebaki," akasema. "Anasema kwake mzee bado yuko, hawezi kula kwa amani. Asubuhi anataka sosi na muhogo. Mchana anataka na samaki. Na Sharlyne anasema yeye hakorogi, kwa sababu chakula chake ni kikavu."

Aliinuka. Mama Apio alishamfungia mayai kwenye gazeti bila kuambiwa. Rilisi akayaingiza ndani ya koti, akapanda nyuma ya boda ya Askofu, akalishika koti kwa mkono uliobaki mzima.

"Enda pole pole, Askofu," akasema. "Nimebeba maziwa."