Picha ya Harusi Inayoliwa na Hewa ya Sebuleni

Kwako Baba Mkwe,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi mahali penye hewa safi. Hapa kwangu hewa ndiyo kesi yenyewe.

Mwanao yuko kwako tangu Jumapili, pamoja na watoto na jiko. Najua amekueleza yake. Naomba usikie na yangu.

Ile picha yetu ya harusi iliyo sebuleni, iliyochapwa kwa printa ya wino, inafifia. Suti yangu ya bluu imegeuka rangi ya nyanya, na uso wangu sasa unaweza kuwa wa mtu yeyote. Fundi picha amenieleza kwamba moshi na hewa chafu ya ndani hula wino, hasa picha ikiwa haina kioo. Kioo mimi nilikiona urembo tu. Nakala nyingine hatuna. Kompyuta iliyoitunza ilikufa zamani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwanao hukaanga vitunguu kila siku. Nilimwomba kwa upole apike vyakula visivyohitaji moto. Aliendelea kukatakata vitunguu.

2. Huwasha dawa ya mbu. Nilimweleza kwamba mbu akiuma, kesho umeshasahau, lakini picha ni ya maisha. Kitinda mimba alivimba kidogo, sikatai.

3. Alifungua madirisha moshi utoke, kumbe hewa ya barabarani nayo inakula wino! Nikayapigilia misumari. Akasema nataka kuwaua kwa joto. Maneno makubwa hayo, Baba, kwa madirisha mawili tu.

4. Mama Mkwe alipotutembelea alisimama mbele ya picha akahema, tena kwa nguvu. Nilimwomba ahemee upande wa mlangoni. Siku ya pili yake mwanao alifungasha.

Mimi nimejitoa kuilinda picha hiyo. Kila jioni nakaa kwenye kiti changu chini yake, na sigara yangu ya kutuliza mawazo, nikihakikisha hapiti mtu na sufuria. Yeye amelinda nini? Nyani haoni kundule, uniwie radhi kwa neno hilo.

Kwa hiyo naomba umwamuru arudi, bila jiko. Mke asiyejali picha ya harusi, harusi yenyewe anaijali kweli?

Nisalimie Mama Mkwe, na huko ahemee popote apendapo. Wasalimie shemeji zangu wote, na watoto wangu uwapakate kwa niaba yangu.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Baba wa wajukuu zako

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, fundi picha amepita. Hapa hakujapikwa kitu tangu Jumapili, na bado picha inazidi kufifia. Sasa hata uso wa mwanao umeanza kwenda. Fundi alinusa, akatazama kiti changu, akatazama dari lilivyokuwa la njano juu yake, akaniuliza navuta pakiti ngapi. Nimeng'oa misumari. Sigara sasa navutia nje. Ile methali ya nyani naomba uifute. Na mwambie mwanao arudi, aje na jiko lake, na vitunguu akaange atakavyo. Sura yake ya ukutani imebaki nusu, na nyumba hii bila yeye siiwezi.