Kumbukumbu Zilizothibitishwa

Inatangazwa kwa wote wenye kalamu kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtu atakayeandika riwaya kabla ya kuihakikishia Kamati ya Uwiano kuwa maisha yake ya kila siku yamekaa sawa: vyombo vimeoshwa, watoto wana soksi, mwenzi wa ndoa hanung'uniki. Fomu zinapatikana kwa Mwenyekiti, nakala tatu. Riwaya yoyote isiyo na sahihi yake katika kila ukurasa si riwaya, ni karatasi.

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni mwa Chama cha Waandishi, na lilikuwa tangazo zuri sana. Mwenyekiti alilisoma kwa sauti mara mbili, akajipigia makofi kidogo. Alikuwa afisa utamaduni mstaafu. Maishani mwake hakuwahi kuandika hata hadithi ya kurasa mbili, na hilo ndilo lililomfanya afae uongozi, maana hakuwa na upande.

Katibu alimsikiliza akiwa ameinama, anaandika. Mama huyu alikuwa mpiga pasi kwa dobi. Kutwa ananyoosha mashati ya watu wasiomjua, na akirudi nyumbani hajavua hata viatu anasikia, "Mama, soksi yangu!" na, "Mama watoto, chumvi iko wapi?" na kutoka kwenye kochi, mama mkwe: "Hebu weka hiyo kalamu chini unipashie maji ya kuoga, mwanangu. Au hayo madaftari ndiyo yatakayoniogesha?" Daftari lake la kwanza watoto walilirusha lote, ndege za karatasi. La pili mama mkwe alilitandika kabatini chini ya sahani, akalisifu kwamba ni karatasi nzito.

Ndipo Katibu akagundua kuwa duniani kuna mahali pamoja tu ambapo mwanamke akiinama kuandika hakuna anayemwinua: kikaoni. Kila Jumamosi saa nne, waandishi kumi na wawili walikusanyika kuzungumzia uandishi, na hakuna aliyeandika isipokuwa yeye. Katika kitabu cha kumbukumbu za kikao alikuwa akiorodhesha waliohudhuria, akiandika ajenda, kisha akiendelea humo humo na riwaya yake ilipoishia wiki iliyopita. Mwishoni anaweka: kikao kilifungwa kwa shukrani. Kitabu kinarudi kwenye kabati la chama, kufuli mbili, mbali na sahani za mtu yeyote.

Na kusoma? Asome nani?

"Kumbukumbu za kikao kilichopita," Mwenyekiti alisema kila wiki, "zichukuliwe kuwa zimesomwa."

"Zimesomwa!" waliitikia.

Basi Mwenyekiti anasaini ukurasa mmoja mmoja, anaupulizia mhuri uliokauka, anagonga. Imethibitishwa. Miaka miwili, kurasa mia mbili na kumi.

Siku ya tangazo, Katibu alikuwa amebakiza sura moja. Mwenyekiti akasafisha koo. "Jambo la mwisho. Kitabu cha kumbukumbu kimekaribia kujaa. Leo Mkaguzi wa Idara ya Vyama anakuja kukichukua, kikahifadhiwe makao makuu."

Katibu aliinua kichwa. Kilichoingia makao makuu hakijawahi kutoka, wakiwemo baadhi ya watumishi.

"Mwenyekiti, niachie wiki mbili nikinakili."

"Unakili nini, dada? Vikao si vile vile? Na fomu yako ya uwiano iko wapi?"

"Sijajaza. Sina muda."

"Mmemsikia? Hana muda wa kujaza fomu, halafu anataka kuitwa mwandishi!"

Wajumbe wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Kinyozi, ambaye alikuwa akiandika riwaya yake kwa mdomo tangu enzi alipokuwa na nywele.

Mkaguzi akafika, mama mfupi wa miwani. Akaketi, akafungua kitabu, akafanya jambo ambalo halijawahi kufanyika katika chama kile. Akasoma.

Alisoma mwanzo, akaruka, akarudi alikoruka. Akacheka peke yake, akajifanya anakohoa. Wajumbe wakakaa wanatazamana. Mwishowe akakifunga kitabu, kidole kikiwa ndani.

"Mwenyekiti, sahihi hizi ni zako?"

"Kila moja."

"Ulisoma kabla ya kusaini?"

Kanuni ya saba ya chama ilisema kiongozi atakayesaini asichokisoma afukuzwe hadharani. Mwenyekiti aliijua vizuri. Aliitunga mwenyewe, kwa ajili ya wengine.

"Nilisoma," alisema. "Neno kwa neno."

"Na yote ni kweli na sahihi?"

"Kweli na sahihi!"

"Basi pokea rambirambi za Idara. Ukurasa wa mia moja na tisini, Mwenyekiti anakata roho akiwa kitini, katikati ya hotuba kuhusu umuhimu wa ufupi. Wajumbe wanaendelea kumuunga mkono kwa vikao viwili zaidi, kwa kuwa hawakuona tofauti."

"Lakini hiyo ni hadithi!"

"Hadithi gani, mzee? Tarehe hii, sahihi hii, mhuri huu. Umekithibitisha kifo chako siku saba baada ya kufa. Wastaafu wachache wana moyo huo wa kazi."

"Jamani, si mimi huyu hapa?"

"Una maandishi yanayosema uko hai?"

Mwenyekiti akapapasa mifuko. Akatoa fomu ya uwiano. Haikuwa na sehemu ya swali hilo.

"Kwa hiyo kiti kiko wazi?" Kinyozi aliuliza, akijongea.

"Tangu mwezi wa tatu. Na kitabu kilichothibitishwa na marehemu, makao makuu hatukipokei. Kitabaki kwa Katibu mpaka uchaguzi."

"Uchaguzi ni lini?"

"Mwulizeni Katibu. Yeye ndiye mwitishaji."

Wote wakamgeukia.

"Nikimaliza," Katibu alisema.

Mkaguzi akaomba dakika moja ya kumkumbuka marehemu. Aliyesimama wa kwanza ni Mwenyekiti mwenyewe, kichwa chini, mikono mbele, maana kwenye itifaki hakuwa na mzaha. Wengine wakafuata. Katibu peke yake hakusimama. Alikuwa amepewa dakika nzima bila mtu kumwita, akafungua ukurasa mpya.