Neno "No" na Tetere Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Imetosha! Jana jirani yangu Pak Tarjono, karani mstaafu wa posta, alitangaza kwamba Jumamosi atakuja kumwazima tetere wangu, akae kwake wiki moja awafundishe makinda wake kuimba. Mashindano ya ndege kuimba ni Jumapili! Mwaka mzima nimemlisha ndege yule kwa ajili ya siku hiyo. Nikajibu "inggih", yaani ndiyo ya heshima. Hapa Solo, kisiwani Java, mtu aliyelelewa vyema hamkatalii mwenzake usoni. Husema inggih, hutazama pembeni, na mwenye akili huelewa. Pak Tarjono haelewi. Ngazi yangu iko kwake tangu mwaka juzi. Baiskeli pia.
Nimeamua. Kijava hakinipi njia, basi nitakataa kwa Kiingereza. Neno lenyewe ni "no". Silabi moja! Nimefundisha sarufi miaka thelathini na minane. Siku tano zinanitosha.

Jumanne, 4 Juni
Nimemwendea mkwe wangu Retno, mpokea wageni hotelini. Maana, akasema, ni hapana. Nikataka matumizi. Akashika kichwa. Eti hotelini wamekatazwa kulitamka mbele ya mgeni, na yeye hajalitumia mwaka wa sita huu. Huyo ndiye mtaalamu wangu!
Nimefanya mazoezi peke yangu mbele ya kioo. Retno akachungulia mlangoni. "Baba, mbona kama unamkaribisha mtu chai?" Kumbe natabasamu. Nimerudia mara mia mbili. Tabasamu haliondoki.

Jumatano, 5 Juni
Jaribio la kwanza. Mke wangu aliniletea tempe, soya ya kukaanga, ya kuongezea. Desturi yetu ni hii: nakataa, anasisitiza, nakataa tena, anasisitiza, nakula. Leo nikasema "no". Akaondoa sahani! Nikauliza kulikoni. Akajibu kwa upole kwamba leo, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, nimesema kama mtu anayemaanisha.
Ushindi mkubwa. Njaa pia.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwambia "no" mama muuza mboga. Akacheka, akaniita bwana mwalimu kama kawaida: "Pak Guru na mambo yako!" Akanifungia mafungu mawili. Nimenunua. Hili silihesabu. Hajasoma Kiingereza.

Jumamosi, 8 Juni
Pak Tarjono amekuja na tundu tupu na shati jipya la batiki. Akasifu maua yangu, paa langu, marehemu baba yangu. Nusu saa nzima. Kisha akaomba.
Nikakaza shingo. "No!" Hata kuku uani walitawanyika.
Pak Tarjono akaniuliza taratibu hilo maana yake nini. Mwalimu hakimbii swali. Nikaeleza: ni neno la kukataa, huweza kusimama peke yake, halihitaji maelezo. Akatikisa kichwa kwa mshangao. Akasema hao wenye Kiingereza chao wana moyo mgumu, wanaambianaje neno kama hilo na kesho waonane langoni? "Hebu fikiria ni mimi na wewe, Pak Guru!" Akacheka. Nikacheka. Haikuwezekana kutocheka.
"Basi nimchukue?"
Inggih.
Nilimfungulia lango mwenyewe.

Jumapili, 9 Juni
Saa moja asubuhi nilikwenda kumrudisha ndege wangu nyumbani. Mashindano yalikuwa saa tatu. Niliapa nisiseme inggih hata mara moja. Mke wa jirani, Bu Tarjono, akaniwekea chai na keki ya mihogo. Tetere wangu alikuwa barazani, anaimba kama aliyezaliwa pale. Mama yule akaniuliza, sauti chini, kama nimekuja kumchukua ndege mapema hivi, na makinda ndiyo kwanza wameanza kumsikiliza.
"No!" nikasema. Wazi, kavu, bila tabasamu.
Pak Tarjono akapiga makofi. Akasema leo nimelitamka vizuri kuliko jana. Kisha akafunika tundu kwa kitambaa, akampeleka tetere mashindanoni kwa jina lake yeye, si langu. Tetere ameshika nafasi ya kwanza.
Nimepitia zoezi zima. Inggih leo: sifuri. "No": moja, mahali pake, na imeeleweka papo hapo. Najipa tisini na nane kwa mia. Mbili nimekata kwa ajili ya matamshi.
Jioni Pak Tarjono amekuja kuomba nimfundishe neno hilo kila Jumapili, bure. Nimekubali. Nimemwazima na kamusi.