Hukumu ya Maji ya Moto

Redio ya Mzee Gundi, fundi viatu wa kijiweni kwetu, ilimaliza salamu ikaingia habari: watafiti wameona jinsi protini zinavyokamatana kushikilia tabaka la juu la ngozi kwenye tabaka la chini. Dokta akacheka hadi kahawa ikamwagika. Huyu Dokta aliwahi kulazwa siku mbili tu, akatoka wodini na cheo.

“Watu wamekosa kazi! Ngozi ni ngozi. Ishikiliwe na nini?”

“Wewe unadhani soli inakaa kwa kudra tu?” Mzee Gundi alimwinulia kiatu. “Hapa nimepaka juu, nimepaka chini, nikaacha gundi ikauke kidogo, ndiyo nikabandika. Upande mmoja ukikosa gundi, hufiki hata barabarani, soli hiyo imekuaga.”

“Kwa hiyo mimi kiatu?”

“Kiatu kina faida, bwana.”

Tukaangua kicheko. Redio ikaendelea: wapo watoto wanaozaliwa na kasoro kwenye protini mojawapo. Ukimbeba tu, ukimsugua kidogo, ngozi inaachana, anatoka malengelenge kama aliyeungua.

Kinyozi hakucheka. Aliweka kikombe chini.

“Mwanangu yalimtoka kwapani,” akasema. “Pale pale tunapomshika kumnyanyua.”

Wiki iliyopita, hapa hapa, Kinyozi alituletea kesi ya kichanga chake, na kijiwe kikahukumu bila hata kumsikiliza mshtakiwa: mama kamwogesha kwa maji ya moto, mzembe huyo, arudishwe kwao. Naye akamrudisha, yeye na mtoto.

“Si mlisema maji ya moto?” Kinyozi akatuuliza.

“Nani? Mimi?” Dokta akaruka. “Mimi nilisema mpeleke hospitali!”

“Hospitali umeitaja leo, Dokta. Ulisema mke wangu hajui kulea.”

“Nilisema kwa ujumla! Aliyesema arudi kwao ni Mzee Gundi.”

“Akapumzike,” Mzee Gundi akainamia kiatu chake. “Nilisema akapumzike.”

“Aliniapia, jamani.” Kinyozi akatoa simu mfukoni. “Aliniapia kwamba maji anayajaribu kwa kiwiko. Nikamwambia afunge mizigo.”

Akampigia mkewe, kwa haraka akabonyeza spika bila kukusudia. Akapokea mama mkwe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mtoto kaonwa na daktari. Hakuungua. Ni ugonjwa wa ngozi, kazaliwa nao. Sasa mama yake anamlaza kwenye mto, ananyanyua mto. Njoo ujifunze kumbeba mwanao.”

“Nakuja. Nisamehe, mama.”

“Mimi hukunifukuza. Msamaha kamwombe mwenzio. Na damu mtapimwa wote wawili, daktari kasema huenda karithi. Hao mahakimu wako wa kijiweni waje nao, wapimwe vichwa.”

Simu ikakatika. Kinyozi alikuwa keshavuka barabara, koti la kazi bado mwilini.

“Mimi nilisema toka mwanzo,” Dokta akatutazama mmoja mmoja, “yule mama mkwe ana akili sana.”