Turudishieni Wimbo Tusioujua

Kwa Meneja wa kundi la muziki wa metali, Kutu Tupu

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na masikio yako bado yanafanya kazi. Mimi ni fundi miwani, mume wa mke mmoja, na shabiki wenu tangu mpiga ngoma wenu alipokuwa bado anapiga ngoma, kabla hajahamia kwenye mabati. Nakuandikia kwa heshima zote kuomba jambo dogo tu: ule wimbo adimu wa nyongeza mliouachia juzi mtandaoni, uondoeni. Uondoeni kwa watu wote, na ikiwezekana masikioni mwao pia.

Najua utasema mashabiki hatuna shukrani. Subiri kwanza, usinihukumu.

Wimbo ule, kama ujuavyo, ulikuwa kwenye kanda chache mlizouza mlangoni siku ya onyesho moja, mwisho kabisa wa upande wa pili, baada ya kimya kirefu. Mtaani kwetu ilifika kanda moja. Aliinunua rafiki yetu Fundi Bomba, akaisikiliza mara moja, na mara ya pili redio yake ikaitafuna. Kwa hiyo kati yetu sote aliyeusikia ni yeye peke yake, tena akiwa chini ya sinki la mteja, maji yanammwagikia shingoni. Juu ya msingi huo tumejenga urafiki wa miaka. Kila jioni tunakutana kwa Kinyozi, Fundi Bomba anatusimulia wimbo, nasi tunaubishania mpaka koo zikauke. Sasa sikiliza mlichotufanyia.

1. Mmetuulia ubishi. Kinyozi alishikilia kwamba ile sauti ya katikati ni gitaa linalopigwa kwa mswaki. Mimi nilishikilia ni friji kuukuu inayojizima. Fundi Bomba, shahidi wetu, alikuwa upande wa yeyote aliyemnunulia chai siku hiyo. Basi juzi tumeusikiliza pamoja kwenye simu ya Kinyozi. Ni gitaa. Ni mswaki. Mmeandika wenyewe chini ya wimbo, bila aibu! Kinyozi akanitazama akasema basi, ndiyo hivyo. Nami nikasema haya. Kisha tukakaa. Jamani, Meneja, ukimya ule sijawahi kuusikia katika wimbo wenu wowote, na ninyi mna nyimbo za ajabu.

2. Fundi Bomba ametukimbia. Pale kwa Kinyozi alikuwa mtu mkubwa, kile kiti cha kuzunguka kilikuwa chake hata wateja wakiwa wamesimama. Leo kila mwenye simu anajua alichokijua yeye. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama, nanyi mmemwaga gunia zima. Nilipomkuta njiani aligeuza uso akajifanya anakagua mtaro. Nikampigia simu, akaniuliza sasa aje kufanya nini, wimbo si tunao? Neno hilo limenichoma, wallahi. Alikuwa anaongeza chumvi, tulijua sote. Wimbo wake ulikuwa na radi, kwaya ya watoto, na mtu anayelia ndani ya pipa. Wenu hauna hata pipa. Nisikufiche, wa kwake ulikuwa mzuri zaidi, na rafiki yangu namtaka arudi.

3. Kinyozi alikuwa akipandwa na mori wa ubishi anazima mashine katikati ya kichwa cha mtu. Mtaa wetu ulijulikana kwa vichwa vya namna hiyo. Siku hizi watu wanatoka wamenyolewa pande zote mbili, na hawajajifunza lolote kuhusu muziki.

4. Mama mkwe anaupenda. Hili ndilo zito. Tunaishi naye, ni mama mwema, anapika, anaombea nyumba, lakini ana neno juu ya kila kitu, kuanzia ndevu zangu hadi ninavyofunga mlango. Niliingia kwenye metali ili niwe na mahali pamoja duniani ambapo hawezi kunifuata. Sasa anaupiga wimbo wenu akipiga pasi, eti unamtuliza! Mke wangu anafurahi kwamba hatimaye mama na mimi tumepata kitu cha kupenda pamoja. Kesho atataka fulana yenye fuvu, na mnunuzi ni nani? Ni mimi.

5. Kwa hiyo naomba wimbo ufutwe, halafu mtangaze kwamba upo mwingine, adimu kuliko huu. Si lazima muurekodi. Mwandikieni tu Fundi Bomba kwamba yeye peke yake ndiye aliyeusikia. Atawaamini, na yaliyobaki tuachieni sisi.

Wasalimie wapiga gitaa wote, yule wa mabati, na mwenye mswaki. Wasalimie pia mama zao, waliovumilia mazoezi nyumbani.

Shabiki wenu mwenye huzuni,
Fundi Miwani

Nyongeza: Usifute kitu! Mama mkwe hajui kuzima simu, kwa hiyo leo wimbo umeisha naye akaendelea na pasi, kimya kikapita, mara ikasikika sauti nyingine. Sisi mabingwa, tunaojua siku zote kwamba mambo yenu yako baada ya kimya, tulizima mapema kama wageni! Mama anasema ni mtu anavuta kiti. Tumekimbilia wote kwa Kinyozi, naye anasema ni mlango. Tumemwita Fundi Bomba, maana ndiye pekee aliyeisikia kanda yenyewe, amefika na spana mkononi, anaapa ni kikohozi. Nakuandikia haya hapa hapa, mbele yangu kuna bwana amenyolewa nusu kichwa na hakuna anayemjali. Mama kakalia kiti cha kuzunguka na ananipinga mimi, kwa sababu mimi nasema ni friji. Wimbo uacheni ulipo. Ila tukikuandikia kuuliza sauti ile ni ya nini, na hakika tutakuandikia, nakusihi, ndugu yangu, usijibu.