Shilingi na Thumuni

Jumanne, 1 Novemba 1960

Daktari kasema moyo umechoka, zimebaki wiki chache. Kasema nile mayai mawili kila asubuhi, na maziwa. Nimepiga hesabu njiani: mayai sitini kwa mwezi! Nilipofika nyumbani nikamwambia mke wangu, Mwanapili, kuwa daktari kanitaka nipumzike tu.

Daftari hili lilikuwa la mwanafunzi wangu aliyeacha skuli mwaka 1949. Kurasa za nyuma nyeupe kabisa. Naandika humu kwa sababu nakufa na nina mambo ya kukiri, na kwa sababu daftari jipya ni senti thelathini.

Kwanza nyumba. Desemba 1956 niliiweka rehani kwa Suud bin Nabhan, mwenye duka la vitambaa, nipate kuezeka mabati na kuusimamisha upya ukuta wa nyuma. Shilingi elfu mbili na mia nne. Tulikubaliana miaka kumi, shilingi ishirini kila mwezi. Pencheni yangu ya ualimu ni sitini na tano. Nikaamua kulipa hamsini. Miaka minne badala ya kumi! Kumi na tano zinazobaki ndizo tunazoishi nazo, mimi na mke wangu. Sasa imebaki hamsini moja tu, ya mwisho.

Haraka yangu ni ya jeneza. Nimezika watu wengi hapa Jadida. Kila mara, kabla maiti hajabebwa, mtu husimama akauliza nani anamdai marehemu. Nusu ya mji huu nimeifundisha hesabu mimi. Siku yangu sitaki mtu ainue mkono.

Alhamisi, 3 Novemba

Tulivyofika kwenye hamsini hii ya mwisho. Muhogo bila ya nazi. Chai bila ya sukari, majani ya asubuhi yakirudi jioni. Taa inazimwa mara tu baada ya sala ya isha. Msimu wa karafuu Mwanapili huchambua kwa watu, na ujira wake naupokea mimi, usipotee njiani.

Kadi ya chama sikukata, si cha huku wala cha kule. Siku hizi watu wa huku hawaendi kwenye hitima za kule, na wa kule hawaji huku. Mimi nakwenda zote, na kote nakula. Hitima hamsini na tatu kwa miaka minne! Wengine hao marehemu sikuwajua hata kwa sura. Nilisoma kwa sauti kubwa kuliko watoto wao.

Khatib, jirani yangu seremala, anadaiwa na watu watatu na kila siku kwake kunanukia samaki wa kukaanga. Ananenepa. Jana kaja dirishani kunijulia hali, midomo inang'aa mafuta. Kasema nikisimama karibu na ufagio hajui amwamkie nani. Nikamjibu kuwa ufagio haudaiwi. Kacheka mpaka akakohoa. Sikuona la kuchekesha.

Mwanapili hajawahi kulalamika. Miaka thelathini na tisa ya ndoa. Nilimhesabu kuwa yumo katika mpango.

Ijumaa, 4 Novemba

Nimemaliza!

Baada ya sala nilikwenda dukani kwa Suud na ile hamsini. Kaniletea kahawa na halua. Nilikula vipande vitatu, cha nne nikakitia mfukoni nimpelekee Mwanapili. Kilikwisha kabla sijafika nyumbani.

Suud kalifungua kasha lake, kaitoa hati ya nyumba, kaniwekea mkononi. Kisha kanitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Kanikumbusha kuwa yeye hali riba, kwa hiyo kuwahi kwangu hakukupunguza hata senti moja. Nikasema najua. Nilikuwa nalipia utulivu wangu. Hapo ndipo aliposema:

"Mwalim, hukuwa na haja ya kujitesa. Wanangu nimeshawausia. Mwalim Mjaka akifa bado namdai, kitabu kifungwe. Umetusomesha sote."

Nikaomba maji. Nikapiga hesabu nikiwa na gilasi mkononi. Kwa ishirini ishirini, hadi leo ningekuwa nimelipa mia tisa na sitini. Zilizobaki, elfu moja mia nne na arubaini, zingesamehewa kwa bei ya kufa tu, jambo ambalo nalifanya vyovyote vile.

Nimerudi nyumbani kwa kupumzika mara nne njiani. Sijapata kuchukia wema wa mtu kama nilivyouchukia leo.

Jumapili, 6 Novemba

Mwanapili kaiona hati, kaiweka chini ya mto wangu, karudi jikoni.

Amebaki yeye. Naye pia ananidai.

Deni la kwanza ni mahari. Rupia themanini, zilizotajwa mbele ya mashahidi mwaka 1921. Sikuzitoa. Rupia zenyewe zimeshaondoka duniani, lakini nakumbuka kiwango walichozibadilishia: shilingi mia na ishirini.

La pili nalikiri hapa kwa mara ya kwanza. Agosti 1958, Time, dada wa pekee wa Mwanapili, alifariki Kojani alfajiri. Mtu alitumwa kuleta habari. Alinikuta barazani peke yangu, Mwanapili yuko kisimani. Akasema mazishi yatawekwa mpaka laasiri ili dada mtu afike. Gari shilingi moja, mtumbwi wa kuvukia thumuni. Kwenda na kurudi shilingi tatu. Mwezi ule, nikitoa shilingi tatu, hamsini yangu isingetimia.

Mwanapili aliporudi na ndoo nilimpa habari ya msiba. Kisha nikamwambia kuwa bahari imechafuka na mitumbwi haivuki.

Bahari siku ile ilikuwa kama sahani.

Alikaa chini, mgongo ukutani, mpaka magharibi. Mimi nilitia hamsini yangu katika bahasha.

Sasa nimepata njia. Kuna maneno yanayotumiwa na watu wakiagana: nisamehe tunayoyajua na tusiyoyajua. Maneno mapana. Nitaomba nisamehewe mahari kwa kuitaja, na hili la Kojani litapita humo humo kwa jumla, bila ya kutajwa.

Jumatatu, 7 Novemba

Nilimwita kutoka kitandani alipokuwa akimenya muhogo. Nililegeza sauti. Nusu ya ulegevu ilikuwa ya kweli. Nikasema: Mwanapili, nisamehe mahari yako, na mengine yote, tunayoyajua na tusiyoyajua.

Mahari kasamehe pale pale. Shilingi mia na ishirini, kwa pumzi moja! Nilikaribia kukaa kitako kwa furaha. Kisha kakifuta kisu kwa upindo wa kanga, taratibu, pande zote mbili.

"Mahari nimekusamehe. Na njaa nimekusamehe. Nauli ya Kojani sijakusamehe."

Nikaanza kusema kuwa bahari siku ile...

"Mwalim. Mwenye mtumbwi ni Othman, mtoto wa mjomba wangu. Alikaa upande wa huku akiningoja mimi, mpaka wakamwita akabebe jeneza."

Miaka miwili amejua! Miaka miwili amenipikia, amenifulia, amenitilia maji ya kutawadha, na amejua.

Nikauliza anataka nini. Kasema hataki maneno. Anataka nauli yake, nimtie mkononi mwenyewe. Hapo ualimu ukanipanda. Deni lazima lijulikane kiwango. Nikamuuliza ni nauli ya kwenda tu, au ya kwenda na kurudi.

Kaurudia muhogo wake, kaukata vipande viwili.

"Ya kwenda tu."

Nusu! Nilikuwa tayari kwa shilingi tatu. Watu wasiosoma hesabu hujipunja wenyewe.

Jumatano, 9 Novemba

Usingizi haukuja. Shilingi na thumuni ni fedha nyingi mwezi ambao nimekwisha kutoa hamsini. Halafu nikawaza: je, kweli gari lilikuwa shilingi mwaka 1958? Nilihisi lilikuwa senti themanini. Asubuhi nikamwita Khatib dirishani nimuulize, bila ya kumwambia sababu. Kasema lilikuwa shilingi, anakumbuka vizuri, kwani alikwenda kwenye mazishi ya Time na alishangaa kutotuona. Nikafunga dirisha.

Nikampendekezea Mwanapili apokee shilingi leo na thumuni mwisho wa mwezi. Kasema mwisho wa mwezi mimi na yeye hatuujui.

Basi nikalipa. Nilimhesabia kiganjani: shilingi, thumuni. Kazifunga katika ncha ya kanga, mafundo mawili. Nikamtaka atamke. Katamka kuwa hanidai.

Sidaiwi na mtu duniani! Wasimame, waulize watakavyo.

Jioni kapika muhogo kwa nazi. Tui zito. Kanikalisha, kanilisha kwa mkono wake kama mtoto. Sijala chakula kitamu kama hicho tangu 1956. Nilikusudia nisiulize nazi zilikuwa ngapi.

Zilikuwa mbili.

Ijumaa, 11 Novemba

Nimeamka, ndoo imejaa maji, uji umefunikwa kwa kawa, hati ya nyumba iko juu ya mto wa Mwanapili. Yeye hayupo. Nilidhani yuko kisimani. Kisha nikakumbuka kuwa ndoo imejaa.

Saa tatu Khatib kaja. Safari hii kapitia mlangoni. Kasema yeye ndiye aliyembebea Mwanapili mzigo mpaka kwenye gari. Anakwenda Kojani kumsomea dada yake, kisha atakaa na watoto wa Time. Kanitumia salamu, na kasema kunde zimo mtungini.

Nikamwambia Khatib kuwa lazima kuna makosa. Aliomba nauli ya kwenda tu.

Khatib kakaa kando ya kitanda changu, akitazama mabati. Kisha kasema nimpe shilingi na thumuni, apande gari la mchana, amtie Mwanapili mkononi na amwambie kuwa hii ni ya kurudi. Kasema nikimtumia hiyo atarudi, anamjua Mwanapili. Ya safari yake mwenyewe Khatib atajitolea.

Nilitia mkono chini ya godoro. Fedha ipo. Niliishika, shilingi na thumuni, zimepata joto la mwili wangu.

Kisha nikafikiri vizuri. Sasa nyumba hii ina mtu mmoja. Muhogo wa mtu mmoja, uji wa mtu mmoja. Shilingi saba kwa mwezi zinatosha. Na daktari kasema ni wiki chache tu. Nikifa, Jadida watapeleka habari Kojani siku hiyo hiyo. Mazishi yatawekwa mpaka laasiri. Atakuja, na nauli watamtolea wao wa kule.

Nikamwambia Khatib asijisumbue.

Nimezirudisha chini ya godoro. Bahari mwezi huu ni shwari.