Kidole Kimoja cha Mvinyo kwa Shamba Zima

Kigango cha Luhilima,
Mbinga.
19 Machi 1996

Ndugu Meneja Sebastian,
Mvinyo wa Misheni Kongwe.

YAH: ZIARA YETU KIWANDANI KWAKO

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima, na moyo umetulia kidogo tangu Jumamosi. Mimi ndiye katekista niliyewaleta wale watu ishirini na watatu wenye majembe. Mtendaji wa Kijiji amenionyesha barua yako inayotuita waharibifu. Nimeisoma mara mbili, nikaona ni neno zito kutoka kwa mtu aliyelimiwa shamba zima asubuhi moja.

Wewe ni mgeni, umeletwa na soko huria, kwa hiyo nakueleza taratibu. Kwetu Umatengo pombe ya mtu hainywewi bure. Mwenye shamba hupika ugimbi, huita majirani, wao hulima kwanza ndipo hunywa. Tunaita ngokela. Kadi yako ilipotukaribisha kuonja mvinyo, tuliielewa kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeielewa. Malalamiko yetu ni haya:

1. Ulituita saa nne. Tukasema huyu bwana ana haya ya kutaja saa halisi ya kazi, tukafika saa kumi na mbili asubuhi. Hapakuwa na wa kutupokea. Hatukukaa kivivu. Tulichimba ngoro mteremko wote wa nyuma, mashimo yamepangana vizuri kabisa, mvua haitabeba udongo wako tena. Hata Antoni, aliyetoka hospitali Litembo juzi tu, alishika jembe. Tulikuta umesimika nguzo na nyaya, na vijiti vikavu vimefungwa humo mistari kwa mistari. Tulivionea huruma. Tukaving'oa vyote, tukavilaza pamoja na majani chini ya udongo vioze na kurutubisha, na nyaya tukakukunjia. Ulipofika ulikaa chini palepale kwenye tope. Tulidhani umezidiwa na shukrani.

2. Binti yako Stella, ambaye alikuwa hajafika shambani, alitukaribisha ndani na kutumiminia mvinyo wa kimo cha kidole kimoja. Chama cha ushirika kilipotupunja kahawa, angalau mizani tuliiona. Tena ni Kwaresima, Ndugu Meneja. Mimi kama katekista niliwaruhusu watu kwa heshima ya mwenyeji. Kama ni kuvunja mfungo, basi glasi ijae.

3. Kwetu mwenye pombe hunywa wa kwanza mbele ya wageni, wajue haina sumu. Stella alifanya hivyo, tukamsifu kwa malezi. Kisha akautema kwenye ndoo. Akatuambia na sisi tuteme. Mama Kunigunda, ambaye ana miaka sabini na kitu na alikuwa ameshameza, alitoa rozari akaanza kuaga wajukuu. Tulimbeba hadi nyumbani. Mpaka leo hajaumwa popote, na jambo hilo linamuudhi.

4. Stella alitufundisha historia. Alisema mawe ya jengo hilo yalibebwa na wenyeji kutoka mtoni wakati wa Mjerumani. Babu wa mwenzetu Romanus alibeba mawe hayo mpaka bega likapinda, akazikwa nalo hivyo. Romanus alipoweka kiganja ukutani, akaambiwa wageni hawaruhusiwi kugusa. Hapo nilikasirika kweli, na hili siliandiki kwa mzaha.

5. Sasa majirani wamesema hawatakuja kwenye ngokela yangu. Mimi ndiye niliyewaita kwako, kwa hiyo kiu yao iko mlangoni kwangu. Shamba langu la maharage limejaa majani hadi kifuani na mvua zinakaribia kukatika. Mke wangu Vitalia ameshapika ugimbi madebe mawili, unaiva bila watu. Nyumba yangu ina vinywa tisa na haina shamba lingine. Bila hayo maharage sijui tutakula nini mpaka mwakani.

Kwa sababu hizo naomba uandike barua ya kuomba radhi, ukiri kwamba majembe uliyataka wewe, na utaje siku ya kuwanywesha watu mpaka watosheke. Hapo tutakusamehe neno waharibifu, na mwakani tutakuja kupanda mahindi.

Wasalimie Stella, mama watoto, mlinzi aliyechelewa, na mapipa yote kwa umri wao. Vitalia anakusalimu, ingawa hakutaka.

Wako katika kazi,
Ildefonsi Kinunda,
Katekista.

N.B. Barua hii nimeiandika majirani wakiwa wamenizunguka, na nimewasomea hadi kwenye sahihi. Sehemu hii naiongeza nikiwa peke yangu. Kadi yako ilisema wazi kwamba wageni waje mikono mitupu. Nilidhani umesahau, nikatangaza kigangoni kwamba kila mtu aje na jembe lake. Kosa ni langu, na ile miche ya zabibu niliyoiita vijiti nitakuja kuipanda upya kwa mikono yangu, ukinielekeza upande upi ni wa juu. Ila nakuomba usimjibu Mtendaji, nijibu mimi. Kama dhamiri haikuruhusu kuandika uongo, nami siwezi kukushauri hivyo, nitumie tu karatasi tupu ndani ya bahasha yenye mhuri wa kiwanda. Matangazo ya Jumapili huwa nayasoma mimi.